BUGARAMA IPI? NJIA ZA KUUFIKIA MWAMBAO WA RUMONGE

Asubuhi moja ya masika, katika kituo cha magari mjini Bujumbura, mzee mmoja aliyevaa kanzu na kushika mfuko wa kitambaa alimwuliza kijana mpiga debe: "Mwanangu, gari hili laenda Bugarama?" Kijana akamjibu bila kusita: "Ndiyo, mzee, panda." Mzee akapanda, akaketi karibu na dirisha, akashusha pumzi kama mtu aliyekwisha kuvuka mto.

Ndugu msomaji, katika mazungumzo hayo hapakuwa na mwongo. Gari lilikuwa linakwenda Bugarama, na mzee alikuwa anakwenda Bugarama. Walakini gari lilikuwa la kupanda milimani upande wa Muramvya, ilhali mzee alikuwa anakwenda kusini, mwambaoni mwa Ziwa Tanganyika, kumzika dada yake aliyefariki alfajiri. Aliyemwokoa ni mama mmoja aliyekuwa ameketi nyuma yake, aliposikia jina la Magara likitajwa. "Babu, shuka upesi," akamwambia. "Huku twaenda kwenye baridi. Magara iko ziwani."

Mwandishi wa makala haya alikuwa anaelekea upande ule ule wa ziwa, basi tukaondoka pamoja kulitafuta gari la kusini. Ni safari ile iliyonifanya niandike habari za njia za kuufikia mwambao wa Rumonge, kwa manufaa ya wale ambao hawana jamaa wa kuwapokea wala mama wa kuwazindua.

BUGARAMA NI TATU

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba katika pembe hii ya Afrika ziko Bugarama tatu zijulikanazo na wasafiri. Ya kwanza iko juu milimani, kwenye njia panda ambapo barabara ya taifa namba 1, iendayo Kayanza na mpaka wa Rwanda, huachana na barabara namba 2 iendayo Gitega. Ni mahali pa ukungu, na wasafiri husimama hapo kununua mboga. Ya pili iko nchini Rwanda, katika wilaya ya Rusizi, karibu na mpaka wa Ruhwa. Hiyo ni nchi ya mpunga na ya kiwanda cha saruji.

Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia. Hii ilikuwa tarafa, ambayo Warundi huiita komini, iliyoko kati ya Bujumbura na mji wa Rumonge, nayo huanzia kwenye fukwe za ziwa na kupanda hadi vilimani. Mkoa wa Rumonge ulipoundwa mwaka 2015, Bugarama ilikuwa miongoni mwa tarafa zake tano, pamoja na Burambi, Buyengero, Muhuta na Rumonge yenyewe. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilipunguzwa ikawa 5, na mkoa huo ukaondoka katika ramani. Watu hawakuhama, na magari bado huvijua vituo kwa majina ya zamani. Kwa hiyo anayekwenda Bugarama ya ziwani asitaje Bugarama pekee. Aseme Magara, au aseme Minago, au aseme Rumonge, na kila dereva wa kusini atamwelewa.

BARABARA YA KANDO YA ZIWA

Njia inayotumiwa na wengi ni barabara ya taifa namba 3, itokayo Bujumbura na kufuata ziwa hadi Nyanza-Lac, kisha kupanda kuelekea mpaka wa Tanzania. Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni kilomita zipatazo 73. Atokaye ng'ambo kwa ndege hushuka katika uwanja wa Melchior Ndadaye, ulio kaskazini mwa jiji. Yampasa basi alivuke jiji zima ndipo aishike njia ya kusini.

Magari ni ya namna tatu. Yako mabasi madogo, yaani Hiace na Coaster. Ziko teksi za Probox ambazo huondoka zikijaa. Na yako malori ya mizigo ambayo huchukua abiria kwa mapatano. Hakuna ratiba iliyoandikwa ukutani. Gari huondoka likijaa, na hujaa upesi asubuhi kuliko alasiri.

Mbali kidogo na jiji, mnamo kilomita kumi na kidogo, kuna jiwe kubwa mahali paitwapo Mugere. David Livingstone na Henry Morton Stanley walipumzika hapo mwezi Novemba 1871, na tarehe imechorwa juu ya jiwe. Wako wanaodhani kuwa hapo ndipo walipokutana kwa mara ya kwanza. Sivyo, walikutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi kuja kulichunguza ziwa upande wa kaskazini. Tuikumbuke safari hiyo ya mtumbwi, kwa maana tutairudia.

Kutoka hapo barabara hupita Kabezi, kisha Gitaza, kisha Magara na Minago. Kuanzia Gitaza nchi hubadilika. Milima huja karibu na maji kiasi kwamba barabara hujipenyeza kati ya ukuta wa udongo mwekundu upande wa kushoto na mawimbi upande wa kulia. Kisha bonde hufunguka, michikichi huanza kujipanga, na harufu ya mawese na ya samaki waliokaushwa humwambia msafiri kuwa amefika Rumonge. Hapa Kiswahili ni lugha ya soko na ya bandari tangu siku za wafanyabiashara wa Ujiji, na mgeni atokaye Kigoma hahitaji mkalimani kununua mukeke wala ndagala.

KUTOKA UPANDE WA TANZANIA

Msafiri atokaye Tanzania ana njia mbili za nchi kavu. Ya kwanza ni ile ya Ngara, kupitia mpaka wa Kabanga na Kobero, kisha Muyinga hadi Bujumbura. Malori mengi yatokayo bandari ya Dar es Salaam hupita huko, na mabasi ya safari ndefu vilevile. Ni njia nzuri kwa aendaye Bujumbura, lakini aendaye Rumonge atakuwa amezunguka nchi nzima kabla ya kugeuza uso kusini.

Njia ya pili ni ya Kigoma. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na hata leo msafiri asiye na haraka aweza kutoka pwani ya Bahari ya Hindi kwa garimoshi, akavuka Morogoro, Dodoma na Tabora, akamaliza zaidi ya kilomita 1,200 mbele ya ziwa. Wenye uwezo huja kwa ndege. Kutoka Kigoma hadi Manyovu, katika wilaya ya Buhigwe, ni kilomita kama 60 za lami. Ng'ambo ya mpaka ni Mugina. Kisha njia hupita Mabanda na kuteremka Nyanza-Lac. Kutoka Nyanza-Lac hadi Rumonge hubaki kama kilomita 50, kupitia karibu na msitu wa Kigwena.

Umuhimu wa njia hii umetambuliwa na serikali zote mbili. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa pamoja: kujenga barabara ya Kabingo, Kasulu na Manyovu, yenye kilomita 260, upande wa Tanzania, na kuifanya upya sehemu ya kilomita 45 kati ya Rumonge na Gitaza upande wa Burundi. Mtu akiitazama ramani ataona kwamba vipande hivyo viwili ni mkono mmoja unaonyoshwa kutoka bara hadi Bujumbura, na Rumonge imekaa katikati ya mkono huo.

Yafaa pia kueleza kwamba kwa watu wengi safari hii si ya biashara wala ya matembezi. Machafuko ya mwaka 1972 yalianzia upande huu wa kusini, Rumonge na Nyanza-Lac yakiwamo, na maelfu ya wananchi walikimbilia Tanzania kwa miguu na kwa mitumbwi. Wengi wao walirejea baada ya zaidi ya miaka 30, wakiwa na wajukuu waliozaliwa ugenini. Kwao njia ya Manyovu na Mugina ni njia ya kurudi nyumbani, na kuna wazee wanaokijua kila kilima chake.

NJIA YA MILIMANI

Ipo njia ya tatu ambayo wageni huisahau. Atokaye Gitega, ambayo ni makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu mwaka 2019, halazimiki kushuka kwanza Bujumbura. Aweza kwenda Bururi kwa njia ya milimani, na kutoka Bururi akateremka moja kwa moja hadi Rumonge. Mteremko huo ni wa karibu mita elfu moja. Msafiri huondoka na koti na kufika amelivua. Kona ni nyingi, na wakati wa mvua dereva asiyeijua njia hiyo hapaswi kuijaribu usiku. Hata hivyo ina sifa moja kubwa: haipiti Gitaza. Sababu ya kulitaja hilo itaonekana hivi punde.

NJIA YA MAJI

Kabla ya barabara zote hizo, njia kuu ya mwambao huu ilikuwa ziwa lenyewe. Burton na Speke walipita hapa kwa mitumbwi mwaka 1858 wakitoka Ujiji kwenda Uvira. Wamisionari wa kwanza wa Kikatoliki waliofungua kituo Rumonge mwaka 1879 walikuja kwa maji, na watatu kati yao walipouawa mwezi Mei 1881, waliosalia waliondoka kwa maji.

Halafu ikaja meli. Liemba iliundwa Papenburg nchini Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaja kuunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe wasiwaachie adui zao. Mwaka 1924 Waingereza waliizamua, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Kwa miaka mingi ilifika Bujumbura. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza Burundi mwaka 1993 viliikata safari hiyo, ikabaki na njia ya kusini hadi Mpulungu nchini Zambia. Mwishoni mwa miaka ya 2010 iliondolewa katika safari kwa ajili ya ukarabati mkubwa. Kwa hiyo asitokee mtu akapanga safari yake kwa habari za meli alizosimuliwa na babu yake. Aulize kwanza bandarini Kigoma.

Kinachofanya kazi kila siku ni maboti ya mbao yenye injini. Upande wa Tanzania maboti hutoka mwalo wa Kibirizi, karibu na Kigoma, yakipita Gombe na vijiji vilivyo chini ya milima hadi Kagunga, mpakani. Upande wa Burundi mialo ya Nyanza-Lac, Rumonge na Minago ina maboti ya wavuvi na ya mizigo, mengine yakivuka hadi Kongo. Abiria hukaa juu ya magunia, na nahodha hutazama mawingu kuliko saa.

Anayechagua njia hii na azingatie mambo mawili. La kwanza ni upepo wa kusini, unaovuma kwa nguvu tangu Mei hadi kati ya Agosti na Septemba, na unaoweza kuinua mawimbi kama ya bahari. Ziwa hili lina urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofikia mita 1,470. Halina huruma kwa boti lililojazwa kupita kiasi. La pili ni mwezi. Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, na siku za mbalamwezi taa hazifai kitu, kwa hiyo wengi hupumzika. Siku za giza mwalo huwa na shughuli tele; mwezi ukiwa mpevu, mwalo hulala.

NJIA INAPOKATIKA

Sasa turudi Gitaza. Mwishoni mwa Machi 2015 mvua kubwa ilinyesha juu ya vilima vya Muhuta na Bugarama. Udongo uliteremka pamoja na mawe, ukasomba nyumba, ukaua watu, ukaikata barabara namba 3. Rumonge haikuwa imesogea hata hatua moja, lakini kwa mtu wa Bujumbura ilikuwa mbali ghafla. Mwaka 2024, baada ya mvua za El Niño, hatari ilikuja kutoka upande wa pili: ziwa lenyewe lilipanda, likaingia katika nyumba za Gatumba na za mwambao wa Rumonge.

Huo ndio ukweli wa mwambao huu. Rumonge si kisiwa. Mlima uko nyuma yake na maji yako mbele yake. Lakini siku mlima unapoanguka na maji yanapopanda, mji huwa kisiwa kwa muda, na mgonjwa wa Magara anayepelekwa hospitali ya Bujumbura hujikuta kama mtu aliye katikati ya bahari. Siku hiyo ndipo njia ya Bururi, ambayo watu waliicheka kwa kona zake, huwa njia kuu. Ndipo boti la mbao huwa gari la wagonjwa.

Kagunga ilitufundisha somo hilo hilo. Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko walikusanyika katika kijiji hicho kidogo, ambacho mgongoni kina milima mirefu na hakikuwa na barabara ya gari. Kipindupindu kikaingia. Liemba, ikiwa na umri wa miaka 100, ilitia nanga mbali kidogo, watu wakapelekwa kwake kwa maboti madogo, ikawachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma. Kama njia ya maji isingekuwa na chombo siku zile, idadi ya makaburi ya Kagunga ingekuwa nyingine.

Kwa sababu hiyo, kujenga barabara nzuri ni jambo la kusifiwa, lakini barabara moja haitoshi kwa watu wanaoishi kati ya mlima na maji. Yapasa njia ya Bururi ihudumiwe hata kama magari yake ni machache. Yapasa mialo iwe na gati za kuaminika na maboti yakaguliwe. Waliopita katika vyuo vya kijeshi hufundishwa kuwa kikosi chenye njia moja ya kuingia na kutoka kimekwisha kuzingirwa, hata kama adui hajaonekana. Miji nayo ni hivyo hivyo.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Kwa ufupi, anayekusudia kufika huko na afanye haya. Kwanza, ataje kituo chake kwa jina kamili, na aulize watu wawili, si mmoja. Pili, aondoke asubuhi, ili njia ikimkatalia awe na mchana wa kutosha kutafuta nyingine. Tatu, achukue hati zake: pasipoti au hati ya safari inayotambuliwa, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, lakini ujirani hauondoi ukaguzi wa mpakani. Nne, asitegemee kwamba petroli itakuwapo. Miaka ya karibuni Burundi imepata uhaba mkubwa wa mafuta, na gari lililokupeleka leo laweza kukosa mafuta ya kukurudisha kesho. Tano, akisafiri majini, adai jaketi okozi, na akiona boti limezama hadi karibu na ukingo, ateremke. Nauli iliyopotea hupatikana tena.

Na yule mzee? Tulipata Probox iliyokwisha kujaa, abiria wakasogea wakampa nafasi ya mbele. Mbele ya Gitaza tulikuta foleni. Tope lilikuwa limeteremka usiku na magari yalikuwa hayapiti. Hakuna aliyelalamika sana. Vijana wawili walimshika mzee mikono, huyu kulia na huyu kushoto, tukavuka tope kwa miguu, viatu mkononi, na upande wa pili tukakuta gari jingine lililogeuza kuwasubiri waliovuka.

Tulifika Magara saa tisa alasiri. Kando ya barabara walikuwa wamesimama wanaume wanne, na mmoja wao akakimbia kuupokea mfuko wake kabla gari halijasimama. "Shikamoo, mjomba," akasema. "Tulikuwa tunakungoja wewe tu." Mzee hakujibu kitu. Alivaa viatu vyake pole pole, akaifuta kanzu matope kwa kiganja, akaanza kupanda kilima pamoja nao.